Taa Kumi na Mbili kwa Waya Mmoja

Aliyesababisha kifo cha Mzee Kibwana, muadhini wa msikiti wa mtaa wetu mjini Bagamoyo, ni mimi. Si Fundi Shomari. Fundi Shomari alikuwa mshona kanzu, na mkono uliofunga waya kwenye bomba ulikuwa wake. Lakini maneno yaliyouongoza mkono ule yalitoka kinywani mwangu, asubuhi, mbele ya watu, nami nikiwa mtumishi wa umma mwenye cheti cha ukaguzi wa umeme na kitambulisho mfukoni. Naliweka jambo hili mwanzoni ili msomaji asiyetaka kuendelea awe ameshapata lililo muhimu. Taarifa iliyomo katika jalada la ofisi inasema vinginevyo. Taarifa hiyo niliiandika mimi kwa mwandiko wangu, na nitaonyesha hapa ni sentensi gani ndani yake iliyo ya uongo.

Nisingeyaandika haya kama Fundi Shomari asingefariki. Alifia Mapinga, alikohamia baada ya mambo yale, akazikwa hukohuko, nami nikaenda kwa kuwa nilipata habari na kwa kuwa sikuwa na sababu ya kutokwenda ambayo ningeweza kuitamka. Baada ya maziko tulikaa mikekani chini ya turubai. Mwanamke mmoja mwenye miwani, mtandio wake umefungwa kwa uangalifu, alikuja akainama mbele yangu. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa Mwanaidi, mzaliwa wa Saadani, mwanagenzi wangu wa miaka ile, msichana pekee katika kundi la watu kumi na wanne. Sasa yeye ndiye msimamizi wa mafunzo ya wanagenzi, na alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Tulipeana pole. Kisha akaketi pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unajua kwamba marehemu bado tunamfundisha?"

"Mnamfundisha vipi?"

"Kila mwaka wanagenzi wapya husomewa kisa chake. Kwa jina lake. Raia aliyeonywa akakaidi, akaua mtu kwa waya mmoja."

Nilikasirika, na nilikasirika kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Nilimuuliza ni kwa idhini ya nani jina la mtu linatumika darasani kwa takriban miaka arobaini bila familia yake kuulizwa. Ni ofisa gani aliyepitisha. Kwa nini barua haikuandikwa. Mwanaidi aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa asichokinywa. Ndipo akauliza, "Na lile neno 'aliyeonywa', Mwalimu, lilitoka wapi?" Nikamjibu kwamba limo katika taarifa. "Taarifa naijua," akasema. "Naisoma mimi mwenyewe kila mwaka. Nauliza neno lilitoka wapi. Mimi siku ile nilikuwepo dukani. Nilikuletea daftari la mazoezi ulitie saini." Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakisoma, na nilisikiliza kisomo kile kwa makini kuliko nilivyopata kusikiliza kisomo chochote, ili nisilazimike kumtazama.

Ulikuwa mwaka mmoja mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati bidhaa zilipoadimika hata sabuni ikapatikana kwa kujuana. Nilikuwa mkaguzi wa umeme wa wilaya, na Jumanne na Alhamisi alasiri nilifundisha wanagenzi katika karakana iliyokuwa zamani ghala la chumvi. Kuta zake za mawe zilikuwa bado zinatoa unyevu mweupe, na kila ubao wa mazoezi tuliouegemeza ukutani ulioza kwa chini. Tulikuwa na meza mbili, kipimo kimoja cha volti chenye kioo kilichopasuka, na koleo tatu za kugawana. Mwanaidi alikuwa akija na muhogo wa kuchemsha na samaki wa ng'onda wa kukaanga katika kopo la maziwa, na wenzake, waliomtania kipindi kizima kwamba atampikia umeme mumewe, walikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. "Kuleni," alikuwa akiwaambia, "maana mtihani hamtaula." Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba vya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu mzuri mle ndani. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa ubora huo ndio unaoniponza.

Somo la ardhi nilifundisha kwa jaribio. Tulipigilia nondo katika uwanja wa karakana, tukawasha taa kwa waya mmoja tu wa moto kutoka ndani, na upande wa kurudi tukaufunga kwenye ile nondo. Taa iliwaka, wanagenzi wakacheka kwa mshangao. Nikawaeleza kwamba umeme haurudi kwa waya peke yake. Ukipewa ardhi utarudi kwa ardhi. Kisha nikaweka kipimo kwenye nondo. Kwa taa moja mshale haukutikisika sana. Nikaongeza ya pili, ya tatu, ya sita, na kila tulipoongeza taa mshale ulipanda, kwa maana nondo ile, iliyoonekana imelala, ilikuwa inaamka. Mwanaidi ndiye aliyeona kwanza nyungunyungu wakitoka ardhini pembezoni mwa nondo, wengi, wakijinyonganyonga juu ya udongo wenye unyevu. "Wanakimbia nini?" akauliza. Nikasema, "Wanakimbia kile ambacho wewe, kwa viatu vyako, hukisikii." Niliwaandikisha katika madaftari: mtu mmoja asimame penye nondo ya ardhi, asimruhusu yeyote kuisogelea, kabla swichi haijaguswa, asiondoke mpaka swichi izimwe, na jambo hili lisifanywe na mtu yeyote mahali popote isipokuwa kwa kufundishia. Tulitumia saa mbili nzima. Hakuna aliyetoka mle akiwa na nusu ya somo.

Nje ya karakana kulikuwa na amri nyingine. Raia akiuliza jambo la umeme, mtumishi alitakiwa kujibu kwamba alete maombi ofisini na atatumiwa fundi. Amri hiyo ilikuwa na busara yake, ila mwaka ule fundi wa kutumwa hakuwepo na waya wa kumpa haukuwepo. Waya ulitoka kwa kibali, na kibali kilichukua miezi. Kwa hiyo watu walituona wachoyo, kana kwamba umeme ni siri tuliyoificha katika mifuko yetu. Mimi sikutaka kuonekana mchoyo. Nilipenda kuitwa Mwalimu na watu ambao sikuwafundisha. Nilipenda kuketi kwenye benchi la duka la Fundi Shomari wakati wa kahawa ya asubuhi na kutoa majibu mafupi, maana jibu fupi humfanya anayelitoa aonekane anajua mengi.

Duka lile lilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na msikiti, na katikati ni uchochoro. Sakafu ilijaa vipande vya nguo nyeupe. Ukutani kulikuwa na kanzu za watu zikisubiri darizi za shingoni, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa chaki. Fundi Shomari alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mwenye futi ya kitambaa shingoni muda wote, hata alipokwenda kula. Kando ya mlango, kwenye kigoda chake mwenyewe, alikaa Mzee Kibwana, muadhini, ambaye kila siku alidai kwamba kahawa imechacha na kila siku alikunywa vikombe vitatu. Asubuhi ile walikuwa wakizungumzia Maulidi ya mtaa. Mwaka uliotangulia karabai ilizimika katikati ya kisomo, na watu wa mtaa wa pili hawakuwaacha walale kwa masimango.

"Mwaka huu tutasoma kwenye mwanga," alisema Fundi Shomari. "Umeme ninao hapa dukani, globu nimeazima kumi na mbili. Kinachonitatiza ni waya. Nilio nao unatosha kwenda mpaka uwanja wa madrasa, ubavuni mwa msikiti, hautoshi kurudi."

"Basi uende na usirudi," akasema Mzee Kibwana. "Kuna watu wangapi wamekwenda Dar es Salaam kwa namna hiyo."

Tulicheka. Fundi Shomari akanigeukia. "Mwalimu, eti taa yaweza kuwaka kwa waya mmoja?"

Wakati huo Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, akisubiri saini. Naamini kuwepo kwake kulinichochea zaidi, kwa kuwa siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu lile jaribio la nondo, na nilitaka aone jinsi somo lile lilivyowastaajabisha hata watu wazima. Nikasema, "Yaweza. Njia ya kurudi ni ardhi. Upate tu ardhi nzuri, yenye maji yasiyokauka." Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyapima kwa miaka mingi na sikumbuki kuongeza hata moja. Mzee Kibwana akasema, "Subhanallah, kumbe hata umeme hurudi udongoni." Fundi Shomari akapiga paja lake kwa furaha. Mimi nikatia saini daftari. Chini ya saini ile, katika ukurasa uleule, zilikuwepo zile sentensi za tahadhari nilizowaandikisha wanagenzi. Mwanaidi alinitazama, akatazama daftari, akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alama za mazoezi yake nilizitoa mimi.

Nimejaribu kuieleza tofauti kati ya kumshauri mwanagenzi na kumshauri mtu wa mtaani, na kila nikieleza hurudi mahali pamoja. Mwanagenzi akipewa nusu ya jambo, nusu nyingine ipo karibu naye: ipo kwenye kipimo, kwenye daftari, kwa mwenzake anayemsimamia, kwa mwalimu atakayerudi Alhamisi. Mtu wa mtaani akipewa nusu, huondoka nayo nyumbani kama kitu kizima, kwa kuwa hana njia ya kujua kwamba imekatwa. Na humwamini aliyempa. Fundi Shomari hakuwa mpumbavu. Alifanya hasa nilichomwambia, na alikifanya kwa akili. Alitafuta mtaa mzima ardhi yenye maji yasiyokauka, akaipata mahali ambapo mtu yeyote wa Bagamoyo angeipata: penye udhu. Pale msikitini palikuwa na tangi la saruji, na bomba la chuma lililopita ardhini mpaka kwenye mifereji miwili ya koki, na maji yaliyotumika yalimwagikia hapohapo mara tano kwa siku. Ardhi nzuri kuliko ile haikuwepo mjini. Alifunga waya wa kurudi kwenye bomba, nyuma ya tangi, ambako watoto wasingeuchezea. Alijaribu kwa taa moja, akafungua mfereji akagusa, pakawa salama. Nami ningemwambia, kama angeniuliza au kama ningekuwa mtu wa kusema bila kuulizwa, kwamba taa moja hudanganya.

Siku ya Maulidi nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwake, nyuma ya duka. "Mwenye akili ya taa ni wewe," aliniambia, "huwezi kula kwako." Tulikaa watu watano kwenye sinia moja la pilau, uani, karibu na masufuria yaliyokuwa yakiandaliwa kwa ajili ya jioni. Bi Tatu, mke wa Fundi Shomari, alikuwa akituongezea nyama upande wa wageni, na wanawake wengine walichagua mchele kwenye ungo karibu na mlango unaotazama msikiti. Ilikuwa nyama ya mbuzi iliyolainika vizuri, pamoja na kachumbari ya ndimu na pilipili. Naikumbuka ladha yake, na nimeshindwa kuisahau. Fundi Shomari alikuwa akisimulia jinsi asubuhi alivyowasha taa sita kati ya zile kumi na mbili, zikang'aa, kisha akazizima ili afunge duka kwa sala ya adhuhuri. Mzee Kibwana akadakia, akiwa amejaza mdomo, "Na nyungunyungu pia wamekuja Maulidi. Asubuhi nimewakuta wametoka kibao pale penye mifereji. Nimewafagia mwenyewe."

"Wamesikia habari ya pilau," alisema mtu mmoja, na sinia zima likacheka.

Mimi nilicheka pamoja nao. Tonge lilikuwa mkononi. Nilielewa mara moja, wazi kama ninavyoelewa ninayoyaandika sasa, waya umefungwa wapi. Wakati huo taa zote zilikuwa zimezimwa, na nilijiambia kwamba hapana hatari kwa sasa, kwamba nitakwenda kutazama baada ya kunawa. Lakini hesabu iliyo sahihi ni hii: sikunyanyuka kwa kuwa kunyanyuka kungekuwa kukiri. Wangeniuliza, mbele ya Mzee Kibwana na Bi Tatu, "Si wewe uliyesema?" Kwa hiyo nililimeza lile tonge, nikachukua jingine. Nilikula mpaka nikashiba, nikanawa, nikaletewa kahawa, nikanywa. Mzee Kibwana aliomba radhi mapema, akasema alasiri inakaribia na yeye hutia udhu kwanza kuliko wote ili adhana isichelewe. Nilimwona akitoka. Nilimjibu salamu.

Nilinyanyuka hapo, testa ya bisibisi ikiwa mfukoni mwa shati. Fundi Shomari alinifuata mpaka dukani, futi yake shingoni, akasema, "Mwalimu, kabla hujaondoka, uzione zote kumi na mbili." Nikasema, "Haya, washa." Nilisema hivyo kwa sababu ya ufundi: testa haionyeshi kitu pasipo na umeme, na nilikusudia kuvuka uchochoro na kulipima bomba likiwa na mzigo wake kamili. Ndivyo nilivyowafundisha wanagenzi, isipokuwa kwamba wao kwanza walimweka mtu penye ardhi. Mimi sikumweka mtu. Fundi Shomari alibonyeza swichi. Uwanja wa madrasa ukajaa taa katika jua la mchana, manjano, hafifu, na yeye akasimama mlangoni akizihesabu kwa kidole kama mtu anayehesabu vifungo.

Mmoja wa wanawake waliokuwa wakichagua mchele alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee Kibwana mbona amekaa vibaya?"

Nilimwambia Fundi Shomari azime. Nilipofika, makubadhi ya Mzee Kibwana yalikuwa yamepangwa pamoja ukingoni, na mfereji ulikuwa unaendelea kutoa maji juu ya mkono wake. Nilifanya kila nililofundishwa kufanya kwa mtu aliyepigwa na umeme, muda mrefu kuliko vitabu vinavyoagiza, mpaka imamu akanishika bega akasema, "Basi, Bwana Mkaguzi. Basi." Fyuzi ya dukani haikukatika. Fyuzi haijui kama umeme umerudi kwa waya au kwa miguu ya mtu.

Ofisi iliagiza taarifa, na aliyeagizwa kuiandika ni mkaguzi wa wilaya, yaani mimi. Nilimhoji Fundi Shomari dukani kwake, mlango umefungwa. Nilikuwa na kalamu mkononi nikisubiri atamke jina langu, na nadhani ningeliandika kama angelitamka. Nilimuuliza, kama fomu inavyotaka, wazo hilo amelipata kwa nani. Alitazama kanzu ya Mzee Kibwana iliyokuwa bado imetundikwa ukutani, jina lake likiwa kwa chaki. "Andika ni akili yangu," alisema. "Mtaa huu ukikukosa wewe, nani atatujibu?" Niliandika. Kisha, nikiwa peke yangu mezani ofisini, niliongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniambia niiongeze: Mhusika alikuwa ameonywa na wataalamu, lakini alikaidi. Sehemu nyingine zote za taarifa hiyo ni kweli. Vipimo ni kweli, mchoro ni wa kweli, saa imeandikwa sawasawa. Uongo ni sentensi hiyo moja, nayo ndiyo inayosomwa.

Familia ya Mzee Kibwana ilimsamehe Fundi Shomari hadharani, msikitini. Lakini mtaa haukumwacha. Alianza kuitwa Fundi Umeme, kwanza na vijana, kisha na kila mtu, hata na waliomletea nguo. "Fundi Umeme, kanzu yangu usiitie waya." Kila nilipopita aliniamkia, "Habari za kazi, Mwalimu," mbele ya haohao waliokuwa wakimtania, na hakuna hata mara moja sauti yake ilipobeba kitu kingine. Hatimaye alifunga duka akahamia Mapinga. Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata. Sikuacha kuwashauri watu wa mtaani. Niliacha kuwajibu kabisa, nikajificha nyuma ya ile amri ya maombi, na watu wakaniona mkali na mwadilifu.

Pale chini ya turubai nilimwambia Mwanaidi kwamba pengine ile amri ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba mtumishi asimjibu raia neno. Alitikisa kichwa. "Ungemnyima jibu, angejaribu mwenyewe," alisema. "Ungemwambia yote, na wale nyungunyungu, na nani asimame wapi, asingethubutu. Ulimpa ile sehemu ya kuchekesha." Kisha akasema jambo ambalo naliandika kwa ruhusa yake: kwamba yeye pia amelisoma lile neno kila mwaka akijua ni uongo, mwanzoni kwa kuogopa alama zake, baadaye kwa mazoea, na kwamba kabla hajastaafu hatalisoma tena. Alininyooshea mkono nimsaidie kunyanyuka. Nilikuwa mzee kuliko yeye, lakini nilimsaidia.

Tangu siku hiyo nimeandika ofisini mara mbili. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa aya moja: kwamba jalada limefungwa, kwamba hapana mlalamikaji, na kwamba ofisi inanishukuru kwa utumishi wangu. Naikataa shukrani hiyo. Nilifanya kazi katika ofisi hiyo mpaka nywele zikaota mvi, na najua kwamba jalada hufunguliwa kwa sahihi ya mtu mmoja. Kwa hiyo nadai, kwa maandishi haya na kwa jina nililotumia kutia saini taarifa ile, kwamba jalada lifunguliwe. Kwamba sentensi ya onyo ifutwe kwa mstari mmoja wa wino, ili iendelee kusomeka chini ya mstari, na pembeni yake iandikwe nani aliyeitunga. Kwamba wanagenzi wanaosomewa kisa hiki wasomewe jina la mkaguzi badala ya jina la mshona kanzu. Kwamba Bi Tatu aandikiwe barua Mapinga, na wana wa Mzee Kibwana waandikiwe yao, wakiwa bado hai, waweze kuzisoma. Na kwamba niitwe kuhojiwa na mtu mwingine, si mimi. Fomu ya mahojiano ina nafasi inayouliza wazo lilitoka kwa nani. Nafasi hiyo haijajazwa sawasawa mpaka leo. Nipo nyumbani Bagamoyo kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, nimevaa, na mlango uko wazi.